Kabla Hujaiamini Nukta ya Marere Kwenye Ramani

Sampuli yangu ya kwanza ya Mombasa niliikuta Ethiopia. Nilikuwa nimepakua rekodi za likeni (kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja) za jenasi ya Roccella, zile ambazo kamusi za zamani zinaziita marere, kutoka GBIF, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za viumbe. Nilipozitandaza kwenye ramani, nukta moja ikatua kusini mwa Ethiopia, mamia ya kilomita kutoka baharini. Marere ni mambo ya pwani: yananing'inia mikokoni kama ndevu za kijivu, yakinywa upepo wa chumvi. Nilihangaika siku mbili, nusura nijitangaze mgunduzi. Kumbe aliyeingiza rekodi alisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta; ondoa kialama hicho, umeuhamisha mji mzima.

Tangu hapo naanza na lebo, ramani baadaye. Kama kuna picha ya bahasha ya sampuli, ifungue uisome mwenyewe. Mji wetu utaukuta umeandikwa Mombas, Mombassa, na ukitafuta kwa tahajia ya leo tu, hizo zote zinakupita. Neno “Zanzibar” kwenye lebo nalo lina mtego: huenda si kisiwa. Karne ya 19 pwani hii ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na marere yalikuwa bidhaa: yalisafirishwa Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau, hadi rangi za viwandani zilipoua soko. Sampuli iliyotoka kwenye gunia la mfanyabiashara hukuambia ilikouzwa. Ilikoota ni habari nyingine. Lebo isiyotaja hata mti, mimi naiwekea alama ya kuuliza na kusonga mbele.

Halafu kuna pacha. Mkusanyaji hugawa fungu moja, akapeleka vipande kwenye hebaria (hifadhi za sampuli zilizokaushwa) tatu, nawe ukahesabu tatu. Linganisha jina lake, namba yake na tarehe. (Mimi nilishaandika jumla kwa kalamu ya wino.)

Jina la spishi pia lihakikishwe. Tone la dawa ya klorini ya kufulia huigeuza ngozi ya Roccella montagnei kuwa nyekundu, lakini jaribu kwenye kipande chako mwenyewe; sampuli ya makumbusho usiiguse bila ruhusa. Ukienda Hebaria ya Afrika Mashariki, Nairobi, iliyoanzia Amani mwaka 1902, tuma namba za sampuli mapema. Na uliza pia yaliyomo kabatini, maana si kila bahasha imeshaingizwa mtandaoni.

Siku hizi nikiwa na kibali, nikashuka hori la Tudor, lebo naiandika palepale mtini: mchu au mkoko, upande gani wa shina, urefu kutoka matopeni, tarehe, latitudo. Ile alama ya kutoa naikoleza mara mbili.