Tusigombane juu ya toleo, tupatane kabla ya kuanza

Ndugu yangu, unasema faili uliyoihifadhi kwa KiCad 8, ile programu ya kuchorea saketi za umeme, imekataa kufunguka kwa mwenzako mwenye toleo la 7, na kwamba watengenezaji wametusaliti. Hapo sikubaliani nawe. Toleo jipya husoma faili za zamani. La zamani halisomi za jipya. Ndivyo ilivyo siku zote.

Kelele kubwa zilianza na toleo la 6, Desemba 2021, mchoro wa saketi ulipobadilishiwa muundo wa faili. Lakini kumbuka taabu ya toleo la 5: unamtumia mtu mchoro, unasahau faili ya pembeni yenye alama za vifaa, naye akifungua anakuta visanduku vyenye alama za kuuliza mahali pa diodi na kapasita. Tangu la 6 alama hizo za vifaa zimo ndani ya mchoro wenyewe. Mimi siwezi kurudi nyuma.

Yalinikuta pia. Niko Langoni, mjini Lamu, mwenzangu kijijini Matondoni, tunachora bodi ya saketi ya kuchaji betri za taa za mashua. Akapandisha toleo usiku bila kuniambia. Asubuhi sifungui kitu. Tulinuniana siku mbili! Sasa hakuna anayepandisha mpaka bodi iende kiwandani, na kila folda ina faili za Gerber, zile ambazo kiwanda hutengenezea bodi, na PDF, ambazo zote hazijali toleo.

Mwenzako apakue la 8, ni bure. Ila kwanza atoe nakala ya kazi zake, maana akishahifadhi humo, la 7 halitazifungua tena.