Nilisafiri, sikuhama

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mpangaji akikaa miezi haonekani, je, mwenye nyumba ana haki ya kumtolea vitu na kukipangisha chumba kwa mwingine? Jibu langu ni hapana, na nalitoa kwa uchungu.

Nilipanga chumba hapa Maweni, Malindi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mama akalazwa Mombasa, nikaenda kumuuguza miezi minne. Mitatu nilituma kodi kwa simu. Wa nne pesa ziliishia kwenye dawa. Deni hilo silikatai. Niliporudi nilikuta kufuli si yangu, na ndani mnaishi watu wengine. Godoro liko uani limelowa mvua, kinu na mbuzi ya kukunia nazi vimetupwa kwenye banda la kuku. Kasha la mama, lenye kanga zake za harusi, sikuliona. Nikaambiwa, "Tulidhani umehama."

Kudhani! Anayehama hufunga virago akakabidhi ufunguo. Wangu nilikuwa nao mkononi.

Chumba cha kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi kinalindwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296: mpangaji hatolewi bila amri ya baraza la kodi, linaloamua kesi za wapangaji na wenye nyumba, hata akiwa anadaiwa. Kodi ikizidi hapo, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi. Anayelipa kila mwezi apewe si chini ya mwezi. Na vyombo? Sheria nyingine, Sura ya 293, inaruhusu mali ikamatwe kwa deni la kodi, lakini kazi hiyo ni ya dalali wa mnada mwenye leseni, si ya vijana wa mtaani waliopewa mia mbili mbili.

Najua mwenye nyumba naye anakula kwa kodi hiyo. Wengi hapa ni wajane na wazee, na mpangaji aliyenyamaza ni mzigo kwao kweli. Basi si apige simu? Namba yangu alikuwa nayo, ndiyo iliyokuwa ikimtumia kodi.

Yakikukuta, usivunje kufuli. Piga picha, andikisha vitu polisi, chukua jumbe za malipo, uende barazani au mahakamani mapema. Mimi nilichoka, nikahamia kwa dada yangu Barani bila kushtaki, na hilo najutia. Mama akiniuliza kasha lake, humwambia liko salama.

Msomaji, Malindi