Damu nisiyoiona

SWALI: Habari za kazi, daktari. Nina miaka 51, nauza samaki Deep Sea, Tanga. Nimepewa vikopo 3 vya choo vipimwe damu, nami sijaona hata tone. Ya nini?

JIBU: Salama, mama. Damu kidogo ikichanganyika na choo huioni. Kidonda cha tumbo, safura (minyoo inayonyonya damu utumboni), au uvimbe wa utumbo mpana huvuja kimyakimya, tena si kila siku. Ndiyo maana vikopo 3. Kipimo cha zamani cha damu kwenye choo hudanganywa na nyama nyekundu: siku 3 kabla, mishikaki weka kando (samaki wako kula tu). Vidonge vya vitamini C navyo huificha damu. Chota kwa kijiti kabla choo hakijagusa maji. Kipimo kikionyesha damu, si lazima saratani, ila usikubali kupewa dawa ya minyoo tu ukaondoka. Ulizia kipimo cha kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo.