Samansi bila posho ya shahidi haina meno

Kazi yangu hapa Marekani ni kupeleka hati za mahakama, na swali la kwanza ninalomuuliza mteja kabla sijapokea samansi yake, yaani amri ya kumwita shahidi mahakamani, ni moja tu: hundi ya shahidi iko wapi? Wengi hushangaa. Mtu anayeendesha kesi yake bila wakili katika mahakama ya shirikisho akienda kwa karani, anapewa fomu iliyokwisha kusainiwa, nafasi zilizo wazi anajaza mwenyewe. Akiona ile saini, anaamini shahidi hana ujanja tena, lazima aje.

Ujanja anao. Kanuni ya 45 ya mashauri ya madai inasema kwamba samansi ikimtaka mtu ahudhurie, anayeipeleka amkabidhi nakala na hapohapo ampe posho ya siku moja pamoja na fedha za safari. Kuahidi kwamba utamlipa akifika mahakamani hakutoshi, wala kumtumia hundi kwa posta wiki inayofuata. Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ililitamka hilo mwaka 1983 katika shauri la CF & I Steel dhidi ya Mitsui: karatasi na fedha vinakwenda pamoja. Shahidi asiyetaka kuja akishapata wakili, hapo ndipo pa kwanza wakili huyo atakapopachungulia.

Kuna mama mmoja tunayezungumza naye Kiswahili, aliniletea samansi ya jirani yake wa zamani bila senti. Akaniambia, "Mwanangu, yule tumekula naye, hawezi kunidai nauli." Nikamjibu, "Mama, leo ni jirani. Akishakaa na wakili atakuwa shahidi." Aliguna, lakini hundi akaiandika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Posho ni dola 40 kwa siku, kiwango ambacho kimekaa palepale tangu mwaka 1990 (usiniulize nani anaishi kwa dola 40). Juu yake unaongeza fedha za maili kwa kiwango cha serikali kwa mtu anayetumia gari lake, ambacho hubadilika karibu kila mwaka. Mwaka 2025 kilikuwa senti 70 kwa maili. Hesabu kwenda na kurudi. Watu husahau kurudi, sijui wanadhani shahidi atahamia mahakamani. Basi shahidi anayekaa maili 38 kutoka mahakamani ana maili 76, sawa na dola 53 na senti 20. Jumlisha na 40, unapata dola 93 na senti 20. Mimi humwambia mteja aandike 95. Sheria inataka makadirio ya maili yaliyo ya haki, na dola mbili za ziada ni nafuu kuliko kubishana na mtu kuhusu njia gani ni fupi. Barabara za kulipia, maegesho na malazi ya shahidi atakayelazimika kulala huko vina utaratibu wake. Hundi ya mlangoni ni ya siku moja na safari.

Zaidi ya hapo usiongeze. Mteja akitaka kuweka dola 300 "za asante", namkatalia. Shahidi aliyeitwa kueleza alichokiona au kukisikia akionekana kalipwa kuliko gharama zake, swali la kwanza la upande wa pili litakuwa kiasi gani umempa, na ushahidi wake wote utanuka.

Si kila samansi inadai fedha. Ukiomba nyaraka tu, bila kumtaka mtu afike mwenyewe, Kanuni ya 45 haikudai posho, ila lazima uwape wahusika wengine wa kesi taarifa kabla ya kuipeleka. Samansi ya serikali ya shirikisho nayo haiambatani na posho mlangoni. Lakini waliosamehewa ada ya kufungua kesi kwa sababu ya kipato wasijidanganye: mahakama kadhaa za rufani zimesema msamaha ule haugusi posho za mashahidi katika kesi za madai. Tafuta fedha mapema, au punguza mashahidi.

Na haya yote ni ya mahakama za shirikisho. Mahakama za majimbo zina sheria zake. California ni dola 35 kwa siku na senti 20 kwa maili. Texas ni dola 10. Waliozoea Amri ya 16 ya mashauri ya madai kwetu, Kenya au Tanzania, wanajua kwamba fedha zinalipwa mahakamani kwanza ndipo wito utolewe. Huku hakuna anayekuzuia kuondoka na samansi mikono mitupu, na ndiyo maana wengi wanaondoka hivyo.

Mlangoni mimi hubana hundi juu ya samansi kwa kishikizo, kiasi kikionekana. Usiipeleke wewe mwenyewe. Mpelekaji lazima awe na miaka 18 au zaidi na asiwe mhusika wa kesi. Wapo wanaochukua karatasi na kurudisha hundi wakisema hawataki fedha za mtu. Sibishani. Naiacha pamoja na samansi, namwambia kwa sauti kwamba nimempa dola kadhaa za posho na safari, kisha ndani ya gari naandika saa, namba ya hundi na alivyosema. Ukurasa wa pili wa fomu una sehemu ya mpelekaji kueleza chini ya kiapo lini na vipi alimkabidhi shahidi, na mstari wa kujaza kiasi cha posho alichompa. Mstari huo ukibaki mtupu, umempa mpinzani wako kazi nyepesi.

Piga picha ya hundi kabla haijatoka mkononi na uihifadhi. Ukishinda kesi, posho za mashahidi ni miongoni mwa gharama ambazo jaji anaweza kuamuru upande ulioshindwa ukurudishie, na karani atataka kuona ulilipa nini.