Mwalimu Aliyeitia Saini Kura Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja, binti wa Konde, aliniandikia akiuliza kama mtu asiyeijua siasa si bora abaki nyumbani siku ya kura kuliko kwenda kuwaharibia wanaojua. Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili nikashindwa, kwa kuwa swali lake lilinitonesha kidonda cha siku nyingi.

Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari tuliitwa kwenye kura ya maoni, tukubali au tukatae muundo wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani vyama vinavyoshindana viongoze kwa pamoja, kufuatia maridhiano ya Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, ya Novemba 2009. Wakati huo nilikuwa nikisomesha skuli hapa Wete, na barazani kwetu hapakuwa na aliyelizungumza jambo hilo kunizidi. Niliwaeleza watu kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais angetoka chama kilichoshika nafasi ya pili na Makamu wa Pili angetoka chama cha Rais, na asiyenielewa nilimrudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, maradhi ambayo sisi walimu hatuponi.

Marehemu mama yangu hakusoma skuli. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekaa jamvini akichambua karafuu, makonyo huku, karafuu kule, bila kuinua macho. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ya kesho ni ya kuchagua mtu au ya kuchagua jambo?" Nikacheka, nikamwambia ni jambo. "Na jambo lenyewe karatasi inalisemaje?" Nikaanza kumfafanulia kwa kirefu, akanikatiza: alitaka maneno ya karatasi, hakutaka yangu. Sikuwa nayo. Wiki nzima nilikuwa nimehutubia juu ya swali ambalo sikuwahi kulisoma neno kwa neno.

Asubuhi alikwenda kituoni na mjukuu wake, aliyemchagua mwenyewe amsaidie kusoma. Akasomewa swali mara mbili, akatia alama yake, akarudi kwenye karafuu zake.

Mimi nilitia tiki penye kisanduku, na mkono uliozoea kusahihisha madaftari ukateremka wenyewe, ukatia saini pembeni. Wala sikushtuka. Jioni shemeji yangu, aliyekuwa kituoni akishuhudia kuhesabiwa kwa kura, alikuja barazani akisimulia kwamba kuna karatasi iliyowekwa kando kwa kuwa ina saini, tena saini nzuri, ya mtu aliyesoma. Karatasi yenye alama ya kumtambulisha mwenyewe haihesabiwi, kwani siri ya kura imevunjika. Hakutaja jina, aliutazama mkono wangu tu, na watu wakaufuata kwa macho. Asilimia 66.4 walikubali muundo ule bila ya msaada wangu, na hadi leo wapo wanaoniita Mwalimu Saini. Nacheka nao, ingawa sipendi.

Basi, binti yangu, anayedhani kwamba mpiga kura hupimwa kwa cheti na anitazame mimi. Ushauri wangu ni kwamba uliza kama alivyouliza mama: ninachagua nini, na karatasi yenyewe inasemaje. Ukijibiwa, uliza tena, na umwombe anayekujibu akuonyeshe palipoandikwa, maana wengi wetu tunaoeleza kwa sauti kubwa hatujasoma. Tazama mfano wa karatasi kabla ya siku yenyewe, kisha uutazame tena.

Ama hilo la kubaki nyumbani, silikubali hata kidogo. Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa tofauti ya kura 1, nchi nzima ikaishia na mgawanyiko wa viti 11 kwa 11 kati ya pande mbili zilizoshindana, na ikabidi watu warudi vituoni mwezi wa Juni. Oktoba 2010, miezi mitatu baada ya saini yangu, urais wa Zanzibar uliamuliwa kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1. Katika hesabu za namna hiyo, ni nani aliyekwambia kwamba wewe ndiye wa kuwapisha wengine? Wanaokuambia hujui huwaoni wakikaa nyumbani, na baadhi yao, nakuhakikishia, wangeulizwa Mwakilishi anakwenda kikao gani na Mbunge kikao gani wangeanza kukohoa.

Nilimwandikia hayo yote, marefu kuliko alivyoomba. Jana akanijibu kwa swali jingine: siku ya uchaguzi mkuu mtu hupewa karatasi ngapi? Nimemwambia ni 5: za Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani, na mbili za Muungano, za Rais na Mbunge. Kabla sijaiweka simu akauliza tena, "Na maji ya bomba hapa Konde nimdai yupi kati ya hao?" Namwandalia jibu, na safari hii ninasoma kwanza.