Mwenye afya ya akili si mgonjwa

Swali: Naandika mihtasari ya filamu kwa ajili ya maktaba ya video. Zile filamu za watu ambao akili zinawaharibikia kidogo kidogo niziite za kisaikolojia, za kusisimua au za kutisha? Na je, ni sahihi kuandika "filamu hii inamhusu mwanamke mwenye afya ya akili"? Mwenzangu anasema hiyo ndiyo lugha ya heshima. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Jina la aina ya filamu halina ugumu. Andika "filamu ya taharuki ya kisaikolojia". Kusisimua ni kupana mno, maana hata fainali ya kandanda husisimua. Taharuki ni kukaa roho juu kwa kutojua kitakachofuata, na waliosoma fasihi sekondari wanaijua. Asili yake ni Kiarabu, ukoo mmoja na "harakati". Ukiandika "filamu ya kisaikolojia" na kuishia hapo, mtu atadhani ni ya kufundishia somo la saikolojia. "Ya kutisha" waachie mazimwi na majini.

Sasa hilo la pili. "Mwenye afya ya akili" kwa maana ya mgonjwa ni kosa, tena kosa baya kuliko mengi yanayotukera, kwa sababu linasema kinyume kabisa cha kinachokusudiwa. Afya ni uzima. Mtoto mwenye afya ni yule anayekula, anayecheza na kulala vizuri. Hakuna mama anayeambiwa hivyo kliniki akatoka analia. Iweje basi neno hilohilo likisogezwa karibu na akili ligeuke kuwa maradhi? Na ndugu yake, "mgonjwa wa afya ya akili", ana kasoro ileile. Tuna wagonjwa wa moyo, wa figo, wa macho. Hatujapata kusikia mgonjwa wa afya ya figo. Afya haimuumizi mtu; kinachomuumiza ni kuikosa.

Tazama kosa hili linavyoweza kuibomoa filamu nzima. Katika Gaslight ya mwaka 1944, iliyoongozwa na George Cukor, Ingrid Bergman anaigiza kama Paula, mke anayeishi London na mumewe Gregory. Mume anaficha vitu, leo bruchi, kesho picha ya ukutani, kisha anamshawishi mkewe kwamba yeye ndiye anayevichukua na kusahau. Usiku anajipenyeza darini kutafuta vito vya mwimbaji aliyemlea Paula, mwimbaji ambaye Gregory mwenyewe alimuua. Akiwasha taa za gesi huko juu, za vyumba vya chini zinafifia, kwa kuwa nyumba nzima inagawana gesi moja. Paula anaona mwanga ukififia, anasikia nyayo juu ya dari, na kila mara anaaminishwa kwamba ni akili yake tu. Mwisho naye anaanza kujitilia shaka, mpaka mpelelezi anapoingia chumbani na kuona taa ikififia kwa macho yake.

Haya, andika sasa: "Paula ni mwanamke mwenye afya ya akili." Kwa Kiswahili sanifu sentensi hiyo ni kweli tupu, kwani Paula ni mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini msomaji aliyezoea lugha hii mpya ataelewa kwamba Paula ni mgonjwa, yaani ataelewa uongo uleule ambao Gregory anataka watu wauamini. Muhtasari wako utakuwa umeshirikiana na muuaji! Andika badala yake: "Mke mwenye akili timamu anafanywa na mumewe aamini kuwa amerukwa na akili." Akili timamu: maneno mawili, ya siku nyingi, na yanajitosheleza.

Najua kosa lilikotoka. Watu walianza na "mwenye changamoto ya afya ya akili". Mdomo ukachoka, "changamoto" ikadondoka njiani, ikabaki afya peke yake kubeba mzigo wa ugonjwa. Na nia yao ilikuwa njema, kukimbia "kichaa" na "chizi". Hapo nipo nao kabisa: usimwite mhusika chizi katika muhtasari, maana kuna atakayeusoma akiwa ametoka kumuuguza ndugu yake. Lakini "mgonjwa wa akili" si tusi, kama "mgonjwa wa figo" asivyotukanwa. Ukijua jina la ugonjwa, litaje: sonona, skizofrenia. Hebu fikiria mgonjwa anayeulizwa na muuguzi, "Una afya ya akili?" Ajibu ndiyo au hapana? Faili linaandikwa kwa jibu hilo.

Mpaka kati ya "afya" na "ugonjwa" si mgumu kuukumbuka. Huduma, sheria, siku na hospitali hufuatana na afya, kwa sababu afya ndiyo inayotafutwa: ndiyo maana Mirembe, Dodoma, ni hospitali ya afya ya akili, na tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Mtu anayeumwa hufuatana na ugonjwa, au na tatizo la afya ya akili, mradi "tatizo" lisidondoshwe.

Kwa filamu ambazo akili inaharibika kweli, usikimbilie kumpa mhusika ugonjwa ambao filamu yenyewe haijautaja. Repulsion ya Roman Polanski, ya mwaka 1965, haitaji ugonjwa wowote. Inatuonyesha tu Carol akibaki peke yake katika fleti dada yake anaposafiri, nyama ya sungura ikioza, kuta zikipasuka mbele ya macho yake. Tumia kitenzi. Kiswahili kinacho kizuri mno, kufumuka, kinachotokana na kufuma. Kila aliyewahi kufumuliwa nywele anajua uzi mmoja ukiachia unavyofuatwa na mwingine. "Siku zinavyopita, akili yake inafumuka." Hapo msomaji amepata taharuki, na Carol hajavunjiwa heshima.

"Kuchanganyikiwa" hakutoshi hapo, maana hata aliyepotea stendi ya mabasi amechanganyikiwa. Na "saiko" la vijana, yaani aliyerukwa na akili, likiwa mdomoni mwa mhusika, liache hivyohivyo. Ndivyo watu wasemavyo. Katika muhtasari wako lisiingie.