Pistons 2023-24: tatizo halikuwa Cade

Ndugu, ukisema Cade Cunningham, mchezeshaji mkuu, ndiye aliyewazamisha Detroit Pistons wa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) kwa kupoteza mipira, umeshika dalili ukaacha ugonjwa. Timu ilifungwa mechi 28 mfululizo, ikamaliza na ushindi 14 na vipigo 68, kwa sababu uwanja ulibana: wapinzani walijaa karibu na kikapu bila kuogopa mitupo ya mbali.

Mwanzoni mwa msimu walianza na Killian Hayes, Ausar Thompson na Jalen Duren pamoja. Thompson alifunga asilimia 18.6 tu ya mitupo yake ya pointi tatu. Sasa angalia: Duren anaweka skrini (anasimama kumzuia beki wa Cade), Cade anapita, Duren anakimbilia kikapu. Mpinzani anayemkaba Thompson kule kona hana haja ya kubaki naye, anaingia ndani na kumziba Duren. Cade anabaki na watu wawili mbele yake, na pasi ya kona inakwenda kwa mtu ambaye wapinzani wanaomba arushe. Mpira unapotea hapo, lakini kosa ni la upangaji.

Bojan Bogdanović, mrushaji wao bora, alikosa mechi 19 za mwanzo kwa jeraha. Hata hivyo kocha Monty Williams angeweza kumtoa Thompson kona, amtumie yeye kuweka skrini au kukimbilia kikapu kutoka mstari wa mwisho wa uwanja, na mchezaji mwingine, Jaden Ivey, apewe dakika za Hayes mapema.

Ushahidi? Msimu uliofuata waliletwa warushaji Malik Beasley, Tobias Harris na Tim Hardaway Jr., na kocha mpya J.B. Bickerstaff. Beasley peke yake akafunga mitupo 319 ya pointi tatu. Cade yuleyule, na bado alipoteza mipira mingi, ila timu ikashinda mechi 44.